Filta ya Koni Haitaipa IST Yako Nguvu

Mwenye Toyota IST, Fielder au Premio akilalamika kwamba gari lake ni zito kupanda mlima, ushauri mmoja unaomfikia haraka siku hizi ni kubadilisha njia ya hewa. Ataambiwa ang'oe boksi jeusi la plastiki lililokuja na gari, afunge bomba la alumini linalong'aa na filta nyekundu ya koni mwishoni mwake, kwa hoja kwamba injini ikipata hewa ya kutosha itatoa nguvu zaidi. Vifaa hivyo vinauzwa madukani na vinauzwa zaidi kwenye mitandao ya kijamii, ambako picha ya boneti iliyo wazi hushawishi kuliko kipimo chochote. Msimamo wangu ni huu: kwa gari la kawaida lisilo na tabo, ambalo halijaguswa ndani ya injini, kubadilisha filta na bomba la kuingizia hewa hakuongezi nguvu ambayo dereva anaweza kuihisi. Na kwa namna mifumo hiyo inavyofungwa kwetu, mara nyingi inaipunguza.

Hoja ya wauzaji ina mzizi wa kweli, ndiyo maana inawanasa hata watu makini. Nguvu ya injini ya petroli inaanzia kwenye hewa. Gramu moja ya petroli inahitaji takriban gramu 14.7 za hewa ili iungue yote, na dereva akikanyaga mafuta hadi chini, kompyuta ya gari huongeza petroli kidogo mpaka uwiano unashuka kuwa kama 12.5 au 13 kwa moja. Kuongeza petroli si kazi ngumu, pampu na nozeli zinaiweza. Kinachopungua daima ni hewa. Tabo ni feni inayoisukuma hewa kwa nguvu mpaka ndani ya silinda, lakini injini isiyo nayo haina msaada huo. Pistoni inashuka, nafasi inafunguka juu yake, na mgandamizo wa hewa ya kawaida, ambao usawa wa bahari ni takriban kilopaskali 101, unaijaza nafasi hiyo. Basi. Kila kizuizi kilichopo kati ya mdomo wa bomba na vali kinakula sehemu ya hizo 101, na anayekiondoa anairudishia injini kilicholiwa. Hadi hapo muuzaji yuko sahihi kabisa. Swali analoliruka ni hili: kizuizi hicho kinakula kiasi gani?

Hesabu yake haihitaji maabara. Tuichukue injini ya 1NZ-FE, ambayo Toyota iliifunga kwenye IST, Vitz, Fielder, Probox na Premio za lita 1.5, na ambayo fundi yeyote wa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala anaifahamu kama kiganja chake. Ina ujazo wa sentimita za ujazo 1,497, na katika matoleo ya Japani ilitangazwa kuwa na nguvu farasi kati ya 105 na 110. Injini ya mipigo minne huvuta ujazo wake mara moja katika kila mizunguko miwili. Kwa hiyo ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, na silinda zikijaa kwa asilimia 90, inameza takriban lita 67 za hewa kwa sekunde. Kiasi hicho kikipita kwenye bomba lenye kipenyo cha milimita 60, hewa inakwenda mita 24 kwa sekunde, yaani kama kilomita 85 kwa saa. Kuipa hewa mwendo huo kunagharimu theluthi moja tu ya kilopaskali. Ongeza kona za bomba, boksi na karatasi ya filta safi, na njia nzima ya gari la kawaida, kutoka mdomoni hadi kwenye throto, huwa inakula kilopaskali mbili hadi nne injini ikiwa kwenye kilele cha mizunguko yake. Filta safi yenyewe huchangia kama moja hivi, au pungufu ya hapo.

Sasa tumpe muuzaji uwezo asiokuwa nao. Tuseme ameondoa kizuizi chote, filta, boksi na bomba, na hewa inaingia bila kuguswa na kitu. Kilopaskali tatu kati ya 101 ni asilimia tatu, na asilimia tatu ya nguvu farasi 109 ni nguvu farasi tatu na kidogo. Hiyo ndiyo dari, na hakuna kifaa cha dukani kinachoweza kuifikia, kwa sababu filta ya koni nayo ni kizuizi na bomba la alumini nalo lina kona. Kinachobaki ni nguvu farasi moja, labda mbili, tena hupatikana pale tu mshale wa mizunguko unapokaribia alama nyekundu, mahali ambapo mwenye IST anafika mara chache sana katika mwaka.

Ushahidi wa pili unatoka kwenye mashindano ya magari. Kwa miaka mingi kanuni za Formula 3 zililazimisha injini za lita mbili zisizo na tabo kuvuta hewa yake yote kupitia tundu la milimita 26. Tundu hilo lilichongwa kwa umbo maalumu linalopanuka taratibu ili hewa isipoteze mgandamizo bure, na kwenye mizunguko ya juu hewa ilipita hapo ikikaribia kasi ya sauti. Liliwekwa makusudi ili kuzibana injini hizo, na liliweza. Hata hivyo, zikiwa zimebanwa namna hiyo, zilitoa nguvu farasi zipatazo 200. Bomba la milimita 60 lina eneo la zaidi ya mara tano ya tundu la milimita 26. Ikiwa tundu la 26 linapitisha hewa ya kutosha nguvu farasi 200, hakuna namna ya kudai kwamba bomba la 60 ndilo linaloizuia injini yenye 109.

Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA, lilitumia njia hiyohiyo kwenye magari ya mbio za dunia za rali, ambayo yana tabo. Hadi mwaka 2016 tundu lao lilikuwa la milimita 33 na nguvu zao zikatajwa kuwa kama farasi 300. Mwaka 2017 tundu likapanuliwa hadi milimita 36 na nguvu zikapanda hadi kama 380. Wauzaji wa filta wanaweza kuushika mfano huu kama ushahidi wao: kumbe kupanua njia ya hewa huongeza nguvu! Huongeza, lakini pale tu mahali palipopanuliwa palikuwa ndipo pembamba kuliko pote. Stendi ya Mbagala hata ikipanuliwa mara mbili, daladala yenye mlango mmoja itaendelea kujaa kwa mwendo uleule.

Mlango wa injini isiyo na tabo uko ndani, kwenye vali. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, mshuko mmoja wa pistoni unachukua elfu tano za sehemu za milioni za sekunde, yaani milisekunde tano. Katika muda huo vali inatakiwa ifunguke, inyanyuke milimita chache, na hewa iliyokuwa imesimama ianze mwendo, ipinde kwenye silinda hedi na kuijaza silinda. Ni kiasi gani kinachowahi kuingia huamuliwa na umbo la kamshafti, ukubwa wa vali, ulaini wa njia ndani ya hedi, na urefu wa mabomba ya manifodi. Waliotaka nguvu kubwa bila tabo walifanya kazi hapo. Honda mwaka 1989 ilitoa injini ya B16A ya lita 1.6 yenye nguvu farasi 160, ikitumia hewa hiihii ya mgandamizo huuhuu, kwa mfumo wa VTEC unaobadilisha umbo la kamshafti linalotumika kadiri mizunguko inavyopanda. Toyota ilikuja na 4A-GE ya vali 20, tano kwa kila silinda na throto moja kwa kila silinda, na kufikia 165 katikati ya miaka ya 1990 kutoka lita hizohizo 1.6. Miaka michache baadaye Honda S2000 ilitoa 250 kwa lita mbili. Mtu akiziona namba hizi anaweza kusema kwamba injini isiyo na tabo ina akiba kubwa ya nguvu iliyofichwa, na atakuwa amesema kweli. Ila ufunguo wake ni kamshafti, hedi, mgandamizo wa silinda na mizunguko inayozidi 8,000. Hakuna hata moja kati ya injini hizo iliyopata nguvu zake kwa kuvuliwa boksi la filta.

Jambo hili la manifodi na mabomba linastahili kutazamwa zaidi, kwa sababu ndipo wabadilishaji wanapoharibu bila kujua. Hewa inayoingia kwenye injini haitiririki sawasawa. Kila vali inapofunga, hewa iliyokuwa mbioni inajigonga, na mawimbi ya mgandamizo yanarudi nyuma kwenye bomba kisha yanageuka tena. Urefu wa bomba ukipangwa vizuri, wimbi linarudi vali ikiwa wazi na kusukuma hewa ya ziada ndani, bila feni yoyote. Mazda 787B, iliyoshinda saa 24 za Le Mans mwaka 1991 kwa injini isiyo na tabo, ilikuwa na midomo ya kuvutia hewa iliyorefuka na kufupika injini ikiwa inazunguka, ili kulifuata wimbi hilo kwenye kila mzunguko. Magari yetu hayana ufundi wa kiwango hicho, lakini kanuni ni ileile. Bomba la kiwandani, boksi lake, na hata kile kichumba cha plastiki cha pembeni ambacho mafundi hukiona hakina kazi, vilipangwa pamoja ili kupunguza kelele na kulinda msukumo kwenye mizunguko ya kati. Mizunguko ya kati, kati ya 2,000 na 4,000, ndiko tunakoishi tunapopanda mlima wa Kitonga au kulipita lori. Anayeking'oa kichumba hicho anaweza kupata nguvu farasi moja juu kabisa akapoteza zaidi chini.

Kuna hoja nyingine ambayo nashangaa haitajwi. Kanyagio la mafuta kwenye gari la petroli ni kanyagio la hewa. Chini yake kuna throto, mlango wa duara unaofungwa na kufunguliwa kwa mguu wa dereva, na kazi yake ni kuizuia hewa. Gari likienda kilomita 80 kwa saa kwenye barabara tambarare, throto imefunguka kidogo tu, na nyuma yake mgandamizo kwenye manifodi unaweza kuwa 40 au 50 badala ya 101. Dereva mwenyewe ameondoa nusu ya mgandamizo kwa hiari yake. Katika hali hiyo, kupunguza nusu ya kilopaskali kwenye filta hakuna maana yoyote, kwa sababu dereva akitaka hewa zaidi anakanyaga kidogo, nayo inakuja. Hapo ndipo ahadi ya kuokoa mafuta inapovunjika pia. Kizuizi cha filta kina nafasi ya kuhesabika pale tu throto ikiwa wazi yote.

Mwaka 2009 maabara ya taifa ya Oak Ridge nchini Marekani ilitoa matokeo ya majaribio yaliyofanywa kwa ajili ya serikali kuhusu jambo hilo, yakihusisha magari ya kisasa ya petroli, mojawapo likiwa Toyota Camry ya 2003. Waliziziba filta makusudi kisha wakapima. Matumizi ya mafuta hayakubadilika kwa kiasi cha kutajika, kwa kuwa kompyuta ya gari inapima hewa iliyoingia na kutoa petroli inayolingana nayo. Kilichobadilika ni uwezo wa kuongeza kasi: kuondoa filta iliyoziba na kuweka mpya kuliweza kupunguza muda wa kuongeza kasi kwa asilimia 6 hadi 11. Kwenye gari la zamani la kabureta, mafuta nayo yaliathirika, kwa asilimia 2 hadi 6. Kwangu mimi majaribio hayo yanaeleza ushuhuda mwingi unaosikika gereji. Mtu ametembea na filta ileile tangu alipolitoa gari bandarini, imejaa udongo mwekundu. Anafunga koni mpya na gari linaamka. Hajadanganya, gari limeamka kweli. Lakini filta mpya ya karatasi, ya bei ndogo, ingeliamsha vilevile.

Wapo wanaosema kwamba walikuwa na filta safi na bado waliihisi tofauti. Nawaamini kwamba walihisi kitu. Boksi la kiwandani limetengenezwa ili kumeza mngurumo wa hewa inayoingia, na ukiliondoa mngurumo huo unamfikia dereva kila anapokanyaga. Sikio linalousikia linauambia mwili kwamba gari linakwenda kasi. Sina ugomvi na anayependa sauti hiyo. Anayeinunua kama sauti amepata alichokilipia. Ugomvi wangu ni na anayemuuzia mwenzake sauti kwa jina la nguvu. Nguvu ina njia yake ya kupimwa, ama kwa mashine ya dainomita ama kwa saa ya kupimia muda kwenye barabara ileile, gia ileile na mzigo uleule.

Kuhusu dainomita, michoro inayoambatana na matangazo ya mifumo hiyo huonyesha ongezeko la nguvu farasi 5, 10 au hata 15. Sisemi kwamba michoro yote ni ya uongo. Mingi hutoka kwenye injini kubwa za Marekani za silinda nane, zenye nguvu farasi 400 na zaidi, na huko 10 ni asilimia mbili na nusu, ndani ya dari ileile niliyoihesabu juu. Anayeichukua 10 hiyo na kuihamishia kwenye Vitz amebadilisha hesabu. Pia upimaji hufanywa boneti likiwa wazi na feni kubwa ikipuliza mbele, hali ambayo gari halitaikuta kwenye foleni ya Ubungo saa kumi na moja jioni. Zaidi ya hapo, gari moja likipimwa mara mbili mfululizo bila kubadilishwa kitu linaweza kutofautiana kwa asilimia moja au mbili kwa sababu tu ya joto la injini, la matairi na la chumba. Ongezeko lililo ndani ya tofauti hiyo halijathibitisha kitu, mpaka lirudiwe mara kadhaa, kwa filta ya zamani na mpya zikipokezana.

Joto ndilo linalogeuza faida ndogo kuwa hasara. Hewa ikipata joto inapanuka, na kila nyuzi tatu za Selsiasi zinaondoa takriban asilimia moja ya uzito wake. Watengenezaji wanajua, ndiyo maana katika magari mengi mdomo wa kiwandani umewekwa nyuma ya bampa au kando ya taa ya mbele, ukivuta hewa ya nje. Sasa tazama filta nyingi za koni zinavyofungwa: katikati ya injini, wazi, karibu na rejeta na manifodi ya ekzosi. Kwenye foleni, hewa chini ya boneti inaweza kufika nyuzi 60 wakati nje ni 30, na kati ya hizo mbili injini inapoteza karibu asilimia tisa ya uzito wa hewa. Gari likiwa mwendoni tofauti hupungua, lakini nyuzi 10 tu zinatosha kuifuta ile asilimia tatu ambayo ilikuwa dari ya matumaini yote. Hewa ya moto pia huifanya injini iwe tayari kugonga, na kompyuta ikisikia kugonga huko inachelewesha cheche za plagi, jambo linalokata nguvu mara ya pili. Mfumo unaostahili kuitwa wa hewa baridi ni ule wenye bomba linalofika nje ya chumba cha injini na kizuizi cha joto kinachoizunguka filta. Yaani unarudia kazi ambayo boksi la kiwandani lilikuwa likiifanya.

Wakazi wa Afrika Mashariki wana kipimo kingine cha kulinganisha. Gari likitoka Mombasa kwenda Nairobi, linapanda kutoka usawa wa bahari hadi mita 1,700 hivi, na mgandamizo wa hewa unashuka kutoka 101 hadi takriban 83. Injini isiyo na tabo inapoteza kama asilimia 15 ya nguvu zake njiani, ile ya farasi 109 ikibaki na 90 na kitu, bila fundi kuigusa. Ni hivyohivyo kwa anayetoka Dar es Salaam kwenda Mbeya. Madereva wengi hufanya safari hizo na kusema tu kwamba gari limekuwa zito kidogo. Kama kupotea kwa farasi 15 kunasemwa hivyo, ni vigumu kuamini kwamba kuongezeka kwa mmoja au wawili kunaweza kumfanya mtu ahisi mgongo wake ukibanwa kwenye kiti.

Nimeliacha vumbi hadi hapa kwa sababu ndilo linalonikera zaidi. Filta haikuwekwa pale kwa ajili ya nguvu. Iliwekwa kuzuia mchanga, na sehemu kubwa ya mchanga wa barabara zetu ni kwatzi, madini magumu kuliko chuma cha kuta za silinda. Filta nzuri ya karatasi ya kiwandani huzuia zaidi ya asilimia 98 ya vumbi la majaribio, na nyingi hufika 99. Filta zinazojivunia kupitisha hewa kwa urahisi hulipia urahisi huo mahali fulani, na za bei rahisi zisizo na jina hulipia zaidi. Kutoka 99 hadi 97 kunaonekana kidogo kwenye karatasi, lakini kilichopita kimeongezeka kutoka moja hadi tatu, mara tatu ya mchanga ndani ya silinda. Ringi za pistoni zinaliwa, injini inaanza kula oili, na 1NZ-FE yenye kuta nyembamba za chuma ndani ya bloku ya alumini si injini ya kuchongwa upya kwa urahisi. Timu zilizokuja kwenye Safari Rally zilijua nchi waliyoingia. Magari yao yalifungwa mabomba yanayopanda hadi usawa wa paa kwenda kutafuta hewa iliyo juu ya vumbi na maji. Hao walikuwa watu wa kutafuta nguvu kuliko sisi sote, na hewa safi waliitanguliza.

Linaloendana na hilo ni sensa ya kupima hewa, uzi mwembamba unaopashwa moto ndani ya bomba. Kompyuta inaisoma sensa hiyo ikiamini kwamba bomba lina kipenyo cha kiwandani. Sensa ikihamishiwa kwenye bomba pana zaidi, hewa inapita pole mbele yake, kompyuta inaona hewa kidogo kuliko iliyopo na kutoa petroli pungufu, mpaka taa ya injini iwake. Filta za pamba zinazopakwa mafuta, fundi akizidisha mafuta hayo baada ya kuzisafisha, zinaweza kuuvika uzi huo utando na kuharibu vipimo kwa namna hiyohiyo. Halafu kuna vile vijifeni vya bati vinavyochomekwa kwenye bomba ili "kuizungusha" hewa. Hivyo ni kizuizi kipya kilichouzwa kama tiba ya kizuizi. Shirika la Marekani la kulinda mazingira, EPA, limepima vifaa zaidi ya 100 vilivyodaiwa kuokoa mafuta, na vilivyoonyesha faida yoyote ni vichache mno, tena faida ndogo.

Pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote ni kwamba mtengenezaji hakutafuta nguvu peke yake. Alibanwa na bei, kelele na nafasi, kwa hiyo lazima kuna kitu alikiacha mezani. Kweli, alikiacha. Katika baadhi ya magari bomba lina kona kali au mdomo mdogo, na fundi anayepima akalirekebisha hilo anaweza kupata kitu. Na gari ambalo tayari limebadilishwa kamshafti, limechongwa hedi, limefunguliwa ekzosi na kupangiwa kompyuta upya litahitaji njia pana ya hewa, kwa kuwa sasa mlango wa ndani umepanuka na bomba la nje limeanza kubana. Mpangilio sahihi wa kazi unaanzia ndani kuja nje. Biashara ya filta inawaanzisha watu nje, inachukua fedha zao, na kuwaacha hapo.

Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inayokataza kumpotosha mlaji, na Kenya ina Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya mwaka 2012. Sioni kwa nini tangazo linalotaja nguvu farasi za kuongezeka lisidaiwe kipimo: gari gani, injini gani, mara ngapi, kwenye joto gani. Kijana anayetumia mshahara wa mwezi kwenye bomba la alumini huku plagi zake zimechoka, throto imejaa masizi na matairi hayana upepo wa kutosha, anastahili kuambiwa ukweli na fundi wake kabla hajatoa fedha, maana vitu hivyo vitatu vinaweza kuwa vimemnyang'anya nguvu kuliko filta.

Na kipimo chenyewe kipo karibu. Magari mengi yenye sensa ya mgandamizo kwenye manifodi yanaweza kusomwa kwa kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya usukani na kuonyesha namba kwenye simu. Washa swichi bila kuwasha injini, usome mgandamizo wa hewa: Dar es Salaam utakuwa karibu 101, Nairobi karibu 83. Kisha mahali salama na panaporuhusiwa, abiria akiwa ameshika simu, kanyaga mafuta hadi chini kwenye gia ya pili mpaka mizunguko ikaribie 6,000, naye asome tena. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo jumla ya kila kinachoizuia hewa kabla ya manifodi, filta na throto zikiwemo. Ikiwa ni 10, filta imeziba au bomba limebonyea, na dawa yake ni ya bei ndogo. Ikiwa ni tatu, basi mfumo wa bei kubwa kuliko yote dukani una sehemu ya hizo tatu tu za kukuuzia.